Mtani au Mpita Njia

Mpwa wangu ndiye aliyeniletea habari. Ilikuwa usiku, mwezi Februari mwaka huu wa 2026, nami nilikuwa nimeketi sebuleni na pedi ya gemu mkononi, mhusika Karlach amesimama mbele yangu kwenye kioo cha runinga, ametoka sasa hivi kumuua mtu aliyemuuza kuzimu. Waliocheza gemu ya Baldur's Gate 3 wanalikumbuka tukio hilo. Mwanamke yule mwenye pembe, ambaye tangu tulipomkuta kando ya mto amekuwa akicheka kwa sauti kubwa kuliko wenzake wote, anagundua kwamba kisasi hakikumpa chochote, kwamba injini waliyompachika mahali pa moyo bado inamuunguza, na kwamba atakufa. Analia kwa hasira. Hataki kufa, na anasema hivyo bila kuficha.

"Mjomba," mpwa wangu alisema bila kuinua uso kutoka kwenye simu, "HBO wanatengeneza tamthilia ya Baldur's Gate. Unajua nani anaandika? Yule wa Hangover."

Niliiweka pedi chini.

Nilifahamu vizuri kwamba mtu huyo, Craig Mazin, ndiye huyohuyo aliyeandika Chernobyl, tamthilia ya ajali ya nyuklia, mwaka 2019, na ndiye aliyeshirikiana na Neil Druckmann kuipeleka gemu ya The Last of Us kwenye runinga mwaka 2023. Kazi zake si ngeni kwangu. Hata hivyo neno lililobaki masikioni usiku ule lilikuwa moja tu, Hangover, zile filamu za vichekesho, na limekaa nami kwa wiki kadhaa, nikiwa kazini, nikiwa kwenye daladala, nikiwa jikoni nasubiri chai ichemke. Naandika leo ili niutue mzigo huo.

## Kabla ya Chernobyl

Historia yake haifichiki. Scary Movie 3 ya mwaka 2003 na Scary Movie 4 ya mwaka 2006 zina jina lake miongoni mwa waandishi. Superhero Movie ya mwaka 2008 aliiandika na kuiongoza mwenyewe. Kisha zikaja sehemu ya pili na ya tatu ya Hangover, mwaka 2011 na 2013. Hizo mbili za mwisho hazinisumbui sana. Zinazonisumbua ni zile tatu za mwanzo, kwa kuwa ni filamu zinazochukua hadithi za aina fulani, za kutisha au za mashujaa, na kuzifanyia dhihaka. Mtazamaji anacheka kwa sababu hila zote anazijua: msichana atapanda ghorofani peke yake, taa itazimika, shujaa atasimama juu ya paa akiwa na nguo za kubana. Kicheko hicho kinamkalisha mtazamaji juu ya hadithi na kumwacha huko.

Hadithi za njozi haziwezi kulivumilia jambo hilo. Ukisogea nyuma hatua moja tu, kila kilichomo ndani yake kinakuwa kichekesho: masikio yaliyochongoka, majina yasiyotamkika, mifupa inayotembea na kutoa huduma ya kufufua watu kwa malipo. Njozi husimama kwa ridhaa ya msikilizaji. Bibi akisema "Paukwa" nasi tusiitikie "Pakawa," hadithi haipo, hata kama bibi ana maneno matamu kiasi gani.

Larian, studio ya mjini Ghent nchini Ubelgiji, ilipoitoa gemu hii tarehe 3 Agosti 2023, iliitikiwa na mamilioni ya watu, na Desemba ya mwaka huohuo ikatwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka katika The Game Awards. Nami ni mmoja wa walioitikia. Nilikubali kwamba kiluwiluwi kimewekwa nyuma ya jicho langu, kwamba siku yoyote kitanigeuza kiumbe anayekula ubongo wa watu, na kwamba kabla ya siku hiyo nina wenzangu wachache na kambi yenye moto. Gemu haikuniomba radhi hata mara moja kwa kunitaka niamini mambo hayo.

Niliogopa kwamba tamthilia itaniomba radhi kila baada ya dakika tano.

## Benchi la mbao

Hofu yangu ina chimbuko, nalo ni banda la video. Nilikulia kwenye filamu zilizotafsiriwa, zile ambazo sauti ya asili inafifishwa na sauti ya msimulizi wetu inapanda juu yake, akitueleza nani ni nani, nani anamtaka nani, na nani atakiona cha mtema kuni. Wengi wa wasimulizi hao walikuwa hodari kwelikweli. Waliwafungulia mlango watu ambao Kiingereza, Kihindi au Kichina kingewaacha nje, na sitawasahau kwa hisani hiyo.

Lakini ipo filamu moja. Mama mmoja, baada ya vita, anapiga magoti mbele ya mwili wa mwanawe katikati ya barabara yenye vumbi. Kinywa chake kimefunguka lakini hatoi sauti. Msimulizi wetu, pengine kwa kuuona ukimya umekuwa mrefu, akamtilia maneno mdomoni kuhusu bei ya unga. Banda zima likaangua kicheko. Nami nilicheka. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, au kumi na mmoja.

Miaka mingi baadaye niliiona filamu ileile kwa sauti yake yenyewe, na alipopiga magoti yule mama, nilichosikia masikioni ni bei ya unga. Nilijaribu kuirudisha nyuma na kuitazama upya. Haikusaidia.

Kicheko kinaweza kumnyang'anya mtu hadithi, na asirudishiwe.

## Maswali matano

Wiki ya kwanza baada ya habari ile nilikwenda kutafuta ushahidi, na ushahidi ulikuwepo. Mwaka 2023, miezi michache kabla ya gemu kutoka, ilitoka filamu ya Dungeons & Dragons: Honor Among Thieves, iliyoongozwa na John Francis Daley pamoja na Jonathan Goldstein, watu wawili ambao njia yao ilikuwa ya vichekesho. Ulimwengu wake ni uleule wa Baldur's Gate, na kanuni zake za uchawi zinatoka kwenye vitabu vilevile vya mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons.

Mojawapo ya kanuni hizo ni ya kuzungumza na wafu. Mwenye uchawi huo anaweza kuiamsha maiti na kuiuliza maswali matano, basi. Likijibiwa la tano, maiti hulala tena.

Katika filamu, mashujaa wanakwenda makaburini kutafuta habari za kofia ya chuma iliyopotea vitani, na kinachofuata ni mojawapo ya vipande vya kuchekesha zaidi nilivyowahi kuona. Maiti inaamshwa, mtu anauliza jambo la kipuuzi bila kukusudia, swali linahesabiwa. Anauliza kama lile nalo limehesabiwa, na hilo nalo linahesabiwa. Wanafukua kaburi jingine. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na sioni haya kulisema, kwa sababu filamu ile ina upendo ndani yake.

Kwenye gemu, kanuni ni ileile na maswali ni yaleyale matano. Ila Larian waliongeza sharti moja. Maiti ya mtu uliyemuua mwenyewe haikubali kuzungumza nawe.

Mpwa wangu aliligundua hilo mbele yangu. Alikuwa amemshambulia mtu mmoja ambaye hapakuwa na ulazima wa kumuua, kwa haraka tu ya kijana anayetaka kupita, huku akifurahia jinsi marehemu alivyorushwa na radi. Baadaye akang'amua kwamba mtu yule alijua jambo analolihitaji. Akaufanya ule uchawi, akatulia kusubiri maneno, na maiti ikamkatalia muuaji wake.

"Mjomba, ndiyo basi?"

"Ndiyo basi."

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama kuna namna ya kujibadilisha sura ili maiti isimtambue. Ipo, na nilimwambia ipo, ingawa nilitamani isiwepo.

Kwa siku kadhaa niliona kwamba kesi imekwisha. Kanuni moja, maswali matano, mafundi wawili: wa vichekesho aliitumia kuwafurahisha walio hai, na mwingine akaigeuza kuwa hakimu. Laiti ningeiandika makala hii wiki ile, ingeishia hapo, na ningekuwa nimekosea.

## Sindano ya Volo

Nilianza gemu upya tangu mwanzo, nikiwa na nia ya kukusanya matukio mazito ili nioneshe ni nini hasa mwandishi wa vichekesho angekiharibu. Siku ya tatu nikafika kwa Volo.

Volo ni mshairi, mwenye kujisifu, mwenye kofia na maneno mengi. Anafika kambini na kuahidi kukitoa kile kiluwiluwi kwa upasuaji. Mtu yeyote mwenye akili zake anajua kwamba hajui analolifanya. Anaanza na sindano. Gemu inakuuliza: unaendelea, au unamsimamisha? Unaendelea. Sindano haitoshi, anaguna, anajipa moyo kwa maneno, anakwenda kuchukua chuma kirefu zaidi cha kuvunjia barafu. Unaulizwa tena. Unaendelea, kwa sababu umeshaanza kucheka na unataka kuona mwisho wake. Mwisho wake ni jicho lako kung'oka. Volo anababaika, anakupachika jicho la bandia lenye uchawi wa kuona visivyoonekana, kisha anaona ni vyema aondoke.

Nilicheka hadi mpwa wangu akatoka chumbani kuuliza kulikoni. Halafu kamera ikasogea karibu na uso wa mhusika wangu, uso niliokuwa nimeutengeneza kwa karibu saa nzima, na lile jicho la kigeni lilikuwa hapo. Lilikuwa hapo kesho yake pia. Lilikuwepo nilipokuwa nazungumza na waliofiwa, nilipokuwa naomba msamaha, nilipokuwa napendwa. Tabasamu ililetwa na mzaha, gharama ikabaki usoni hadi mwisho wa safari.

Baada ya hapo nilianza kuona nilichokuwa nimekisahau. Kambi ya vibwengo, ambako wanaimba, wanatukanana na kushindana kumkimbiza mnyama kwa ajili ya dau, na huku moto wao unachoma mwili wa mtu mfupi mwenye ndevu aliyefungwa kwenye kijiti kama mshikaki. Gale, mchawi msomi mwenye madaha, anayekula vitu vya thamani vya wenzake, unamcheka mpaka unapojua kwamba anavila ili bomu lililo kifuani mwake lisilipuke. Mbwa Scratch, anayelinda maiti ya bwana wake akidhani amelala. Hapo kwa mbwa hakuna mzaha, na watengenezaji walijua usiwepo.

Kumbukumbu yangu ilikuwa imeisafisha gemu hii. Ilikuwa imefuta vicheko vyote na kuniachia machozi, kisha ikanituma nikaitetee.

Nilikuwa naitetea gemu ambayo haipo.

## Koti la babu

Babu yangu mzaa mama alikuwa Mngoni, na mtu wa kusini hahitaji kuelezwa nini maana ya Mhehe kufika kwenye msiba wa Mngoni. Siku tunamzika, mtani wake mmoja alifika mapema, akaingia ndani, akatoka amevaa koti la babu, lile la kahawia lenye kiraka cha kiwiko. Akatembea uani ameegemea fimbo, akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha babu hasa: mara mbili kwa kujizuia, kisha mara moja kwa nguvu, kisha kimya cha mtu anayesubiri aulizwe kama ni mzima. Akakikalia kiti cha babu, akasema amerudi kuhesabu kuku wake maana hawaamini wakwe zake. Wanawake waliokuwa wanalia walicheka na kulia kwa pamoja. Bibi alijifunika kanga usoni, mabega yakamtikisika, na hadi leo sijui ilikuwa ni kwa lipi kati ya hayo mawili.

Yule mtani ndiye aliyeshuka kaburini kuupokea mwili. Ndiye pia aliyebaki nyuma kuusawazisha udongo kwa mkono, wakati wengine tulishageukia nyumbani.

Nilikuwa nalifahamu jambo hili tangu utotoni, na ilinichukua wiki nzima kulikumbuka nilipolihitaji. Angepita mtu barabarani siku ile, asiyemjua babu, akakohoa namna ile kwa kejeli, wajomba zangu wangemtoa kwa fimbo. Kikohozi kilikuwa kilekile. Aliyekitoa ndiye aliyekuwa tofauti. Mtani alikuwa amekaa na babu miaka arobaini, alikijua kikohozi chake kuliko daktari, na alikuwa na wajibu uliokuwa unamsubiri baada ya kicheko.

Msimulizi wa banda la video alikuwa anapita njia. Mama yule wa kwenye vumbi hakumhusu.

Basi swali langu kuhusu Mazin lilibadilika. Niliacha kujiuliza kama mtu aliyeandika Scary Movie 3 anaweza kuwa makini. Nilianza kujiuliza kama anakijua kikohozi.

## Masizi kwenye suti

Mazin amesema kwamba ameicheza gemu hii kwa takriban saa 1,000. Ni dalili njema, ingawa saa peke yake hazinishawishi. Nawajua watu wenye saa nyingi kama hizo ambao hawajawahi kumsikiliza mhusika hata mmoja hadi mwisho wa sentensi. Nikarudi kwenye Chernobyl.

Kipo kipande ambacho waliokitazama hawakisahau. Waziri wa makaa ya mawe anakwenda kwa wachimbaji wa Tula, nchini Urusi, amevaa suti safi yenye rangi nyepesi, na pembeni yake askari wenye bunduki. Anawahitaji wakachimbe chini ya tanuri la nyuklia lililolipuka. Wachimbaji wanajua kwamba wanapelekwa mahali pabaya na kwamba hawaambiwi yote. Wanakubali. Kisha wanapita mbele yake mmoja baada ya mwingine, na kila anayepita anampapasa waziri kwa mkono wake mweusi, begani, kifuani, shavuni, mpaka suti inachafuka yote. Wa mwisho anamwambia kwamba sasa ndiyo anafanana na waziri wa makaa.

Nilicheka mwaka 2019 nilipokiona, na safari hii nilicheka tena, lakini sasa nilikuwa naangalia kazi ya mkono wa fundi. Anakuza jambo kwa hatua, mkono mmoja, mkono wa pili, mkono wa tatu, anakufanya uungojee wa nne, halafu anaweka neno moja mwishoni na kukata. Ni ufundi wa vichekesho hasa, uleule wa sindano ya Volo. Tofauti ni kwamba baada ya hapo anaandamana na wachimbaji hao hadi shimoni. Joto ni kali mno, hawaruhusiwi feni kwa sababu ya vumbi lenye mionzi, wanavua nguo zote na kuchimba uchi. Mikono iliyomchafua waziri ndiyo tunayoiona ikishika sururu. Utani ulikuwa ndiyo heshima pekee waliyobaki nayo wanaume wale, nao wakaitumia kabla ya kushuka.

Mtu aliyeandika hivyo ameshuka kaburini kuupokea mwili.

Nikakumbuka pia The Last of Us, binti Ellie na kitabu chake cha mafumbo ya kuchekesha, na ule usiku ambao Joel anayemsindikiza, baada ya kukaza uso kwa siku nyingi, anashindwa kujizuia na kucheka gizani kwa mzaha mmoja wa kijinga kabisa. Wanaamka wameelekezewa bastola. Nikamkumbuka Bill, mtu mgumu anayejifungia peke yake mjini, ambaye walimpa Nick Offerman, mwigizaji ambaye dunia ilimjua kwa vichekesho vya Parks and Recreation. Alipata tuzo ya Emmy kwa kipindi kile kimoja tu.

Nilipaswa kutulia hapo. Sikutulia.

## Dadu

Kuna jambo ambalo Chernobyl na The Last of Us hazikuwa nalo, nalo ni dadu.

Katika Baldur's Gate 3, kila neno la maana unalotaka kumshawishi mtu, kila kufuli unayotaka kuifungua, inapitia kwenye dadu ya pande ishirini. Inazunguka mbele yako. Ikilala kwenye moja, umeshindwa, hata kama maandalizi yako yalikuwa ya mfalme. Vicheko vingi vya gemu vinazaliwa hapo. Mpwa wangu aliwahi kuandaa hotuba nzito mbele ya mlinzi, amechagua maneno kwa uangalifu mkubwa, akapata moja, na shujaa wake akaaibika mbele ya kikosi kizima. Hakuna mwandishi aliyepanga kwamba aibu ile iwe ya usiku ule.

Dadu hiyohiyo niliizungusha kwa ajili ya Astarion, mnyonya damu aliye miongoni mwa wenzangu wa safari. Baada ya miaka 200 ya utumwa kwa bwana wake Cazador, anasimama juu yake na kisu, na anaweza kuchukua uwezo wote kwa kuziteketeza roho 7,000 zilizofungwa ndani ya kasri. Nilitaka kumzuia. Kiganja kilikuwa na jasho. Dadu ikazunguka. Ikakubali, na Astarion akamchoma kisu mtesi wake mara nyingi kuliko inavyohitajika kuua, kisha akaanguka magotini na kulia kama mtoto. Kilio kile kilikuwa na uzito kwangu kwa sababu ilikuwa inawezekana kabisa kisiwepo.

Tamthilia haina dadu. Muswada unajua kila kitu kabla ya kamera kuwashwa. Na hapa mazoea ya mwandishi wa vichekesho yanaweza kuwa hatari, nalisema hili baada ya kumtetea kwa kurasa mbili: kichekesho cha skrini huishi kwa kupangwa, sekunde kwa sekunde, na mtazamaji mzoefu huanza kuisikia saa ikigonga. Kushindwa kwa shujaa kukipangwa sana, kunakuwa mapambo. Katika filamu ile ya makaburini nilihisi hivyo pale mwishoni, kwamba hakuna kitu ambacho kingeweza kwenda vibaya kweli.

Sidhani kwamba haliwezekani. Wachimbaji wa Tula walikuwa kwenye muswada, historia yao inajulikana, na bado moyo ulinidunda. Lakini ndilo jambo nitakaloliangalia kwanza: je, wahusika watakaposhindwa, nitahisi kwamba wangeweza kushinda?

## Karlach wa nani

Imetangazwa kwamba tamthilia itaanzia pale gemu ilipoishia. Maana yake ni kwamba lazima ichague. Karlach wangu alirudi Avernus, yaani kuzimu, pamoja na mwenzetu Wyll, kwa kuwa kule tu ndiko injini yake haitamuua. Karlach wa mpwa wangu aliungulia gatini asubuhi ya ushindi, wenzake wamemzunguka na hakuna aliyeweza kumgusa, kwa sababu alisema kwamba ni heri kufa akiwa huru kuliko kurudi kuzimu, na mpwa wangu aliona kwamba neno la mtu mzima huheshimiwa. Tulibishana juu ya hilo mbele ya sahani za wali mpaka dada yangu akatuhamisha mada.

Mmoja wetu ataambiwa na runinga kwamba halikutokea.

Niliposikia habari ile ya Februari, nilifikiri kwamba mwandishi wa vichekesho atamharibu Karlach kwa kumchekesha kupita kiasi. Sasa naogopa kinyume chake. Mazin amesifiwa mno kwa mambo mazito, na sifa humvuta mtu upande mmoja. Naogopa ataona kwamba njozi inaheshimiwa kwa kununa, akatupa Karlach mwenye huzuni tangu dakika ya kwanza.

Mpwa wangu, mara ya kwanza, alikuwa anaruka mazungumzo ya kambini ili afike vitani. Karlach alipoungua gatini, alisema "pole yake" na kubonyeza kwenda mbele. Mwezi huu ameanza upya, na safari hii nimemwomba asiruke. Amemsikia akishangilia vitu vidogo, akitania wakubwa, akimfurahia mbwa. Alikuwepo Dammon mhunzi alipoirekebisha ile injini mara ya pili, na mtu ambaye kwa miaka kumi hakuweza kugusa wala kuguswa akamkumbatia mwenzake, akacheka, na akakataa kumwachia.

Juzi jioni alifika tena gatini. Machaguo yalikuwa yameandikwa chini ya kioo, yaleyale ya mara ya kwanza. Alikaa bila kubonyeza. Baadaye akaninyooshea pedi.

"Mjomba, bonyeza wewe."

Niliipokea, nikaishika. Karlach alikuwa amesimama pale, moto unaanza kumtoka mabegani, anatutazama. Tulikaa hivyo mpaka dada yangu alipokuja kutuita chakulani.